UNASIFIA KUKU MNENE, MAYAI YAKO WAPI?

Leo naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi, mishono na wanaume wasioaga wanapotoka, tuingie uani. Huko uani kuna kitu kinachovunja vikoba na kugombanisha mashoga wa miaka kumi, na wala si mume wa mtu. Ni kuku.

Ndiyo, kuku! Pita Mbagala, pita Kibamba, nenda mpaka Chanika. Kila nyumba ya tatu ina kibanda cha mabanzi na wavu. Kila mwenye kibanda anamsifia wa kwake, na sifa ya kwanza ni moja tu: "Njoo uone walivyo wakubwa!" Mgeni anainuliwa kuku, anapimishwa kwa mkono, anatikisa kichwa kwa mshangao. Sasa muulize mwenye mali, je, mtetea huyu anataga mayai mangapi kwa mwezi? Hapo utamwona anajikuna kisogo.

Naomba niseme mapema ili wenye haraka waelewe. Kuku anayenenepa upesi na kuku anayetaga sana ni viumbe wawili tofauti. Ukitaka wote wawili ndani ya ngozi moja, utapata nusu ya huyu na nusu ya yule. Hiyo nusu inaweza kukufaa sana au ikakufilisi. Inategemea ulimnunua kwa kazi gani.

TUMBO MOJA, KAZI MBILI

Chakula cha kuku ni kama mshahara wa mfanyakazi. Kabla ya starehe yoyote, kodi ya nyumba lazima ilipwe. Kodi ya kuku ni kuuweka mwili wake hai, kupumua, kutembea, kubaki na joto. Mwili mkubwa, kodi kubwa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachokwenda kwenye yai.

Na yai si mchezo. Tangu kiini kinapoachiwa mpaka yai linapotoka ni saa 24 hadi 26, na ganda peke yake linachukua kama saa 20. Ganda hilo linataka karibu gramu 2 za kalsiamu, ambayo kuku asipoipata kwenye chakula ataichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana unaona mtetea anayetaga vizuri halafu ghafla miguu inalegea. Si uchawi wa jirani, ni chokaa imekosekana.

Waliozalisha kuku kwa miaka mingi wanalijua jambo hili. Ukichagua wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi, minofu inaongezeka na mayai yanapungua. Ukichagua wanaotaga, mwili unabaki mdogo. Broila anafika kilo 2 kwa wiki 5 au 6. Mtetea wa mayai katika umri huo huo anachezea kwenye nusu kilo. Wote walianguliwa siku moja, wote wanakula, lakini kila mmoja ana ajira yake.

Haya, tuwapange mstarini tuwatazame mmoja mmoja.

LEGHORN, MWEMBAMBA MCHAPAKAZI

Huyu ni mweupe, mwenye upanga mkubwa kichwani na macho ya wasiwasi. Asili yake ni Italia, na jina lake ni namna Waingereza walivyouita mji wa bandari wa Livorno. Alipofika Marekani katika karne ya 19 akachaguliwa kwa kazi moja tu, mayai.

Mtetea wake mkubwa hafiki kilo 2. Ukimchinja watoto watagombania shingo. Lakini akitunzwa vizuri anavuka mayai 280 kwa mwaka, tena kwa chakula kidogo kuliko kuku wengi. Yai lake ni jeupe, na kuatamia hakujui kabisa. Kasoro yake ni woga. Paka akipita, banda zima linapaa.

WA KAHAWIA, BINTI WA KIWANDANI

Hawa ndio wanaojaza trei nyingi za mjini. Utasikia Isa Brown, aliyetoka Ufaransa mwaka 1978, au Lohmann Brown wa Ujerumani, au Hy-Line wa Marekani. Hy-Line ilianzishwa mwaka 1936 na Henry Wallace, bwana mmoja aliyekuwa ametajirika kwa mbegu za mahindi chotara, na ambaye baadaye, mwaka 1941 hadi 1945, alikuwa makamu wa rais wa Marekani. Aliona kama mahindi yanazaa zaidi yakichanganywa koo mbalimbali, kwa nini isiwe kuku?

Matokeo yake ndiyo haya unayoyaona leo. Mtetea wa kahawia wa kilo 2 anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Akifika wiki ya 25 hadi 30, kuku 100 wanaweza kukupa mayai zaidi ya 90 kwa siku. Kwa mwaka anafika mayai 300 na zaidi. Yai moja lina kama gramu 62, kwa hiyo kwa mwaka kuku huyu anatoa zaidi ya kilo 18 za mayai. Mara tisa ya uzito wake mwenyewe! Nionyeshe mfanyakazi mwingine wa namna hiyo.

Lakini ni binti wa kiwandani kweli. Anataka chakula kamili kila siku, kama gramu 115, na maji safi. Anataka mwanga wa saa 14 hadi 16, wakati jua letu linatoa saa 12 tu, ndiyo maana wafugaji huwasha taa jioni au alfajiri. Na anataka chanjo zote bila kuruka. Ukimpa pumba tupu na maji ya jana, anafunga duka.

RHODE ISLAND NA KUKU WA MALAWI

Hawa ni wa kizazi cha babu zetu. Rhode Island Red, yule mwekundu wa kukolea, alitengenezwa na wakulima wa jimbo la Rhode Island na jirani yake Massachusetts huko Marekani. Tangu zamani majogoo yake yamepelekwa vijijini kwetu kupandisha kuku wa kienyeji. Ana mwili wa kushika, karibu kilo 3, na akitunzwa vizuri anataga zaidi ya mayai 200 kwa mwaka. Wengi wa wale wa kahawia wana damu yake upande wa baba.

Mwenzake ni Black Australorp, mweusi anayemetameta kijani juani. Sisi tunamwita kuku wa Malawi, kwa kuwa huko alisambazwa vijijini kwa miaka mingi. Kwao ni Australia, ambako mwaka 1922 hadi 1923 mitetea sita ya aina hiyo ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya mayai 309 kwa kila mmoja. Lakini usije ukaipeleka rekodi hiyo kwenye kikoba kuombea mkopo! Wale walikuwa kuku wa mashindano. Wa uani kwako, anayeanza siku kwa ukoko wa ugali, hatafika huko.

CHOTARA, MREMBO WA MTAA

Sasa tumfikie huyu anayegombaniwa. Ukisikia chotara siku hizi, mara nyingi ni Kuroiler au Sasso. Kuroiler alitengenezwa India na Vinod Kapur mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahususi kwa kaya za vijijini zinazofuga kwa kufungulia. Sasso ni wa Ufaransa. Wote wawili walijaribiwa hapa Tanzania katika mradi wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014, ukihusisha pia Ethiopia na Nigeria.

Kukua anakua, hilo halina ubishi. Uganda, ambako Kuroiler aliwahi kufika kabla yetu, majogoo waliofugwa kwa kujitafutia pamoja na wa kienyeji walifika wiki ya 25 wakiwazidi wenzao karibu kilo nzima. Kwa wauza nyama choma hiyo ni habari njema.

Upande wa mayai ndipo wauza vifaranga wanapoongeza chumvi. Utatajiwa mayai 200, wengine hata 250. Mimi nakwambia ukipata 150 kwa mwaka kwa matunzo ya uani, mshukuru Mungu na ufunge mdomo.

WA KIENYEJI, MAMA WA WATOTO

Huyu humwambii kitu. Anataga mayai 10 hadi 15, analala siku 21, anaangua, analea miezi miwili mitatu, kisha anaanza upya. Kwa mwaka ni mizunguko mitatu au minne, jumla mayai 40 hadi 60, tena madogo ya kama gramu 40. Mtetea wake anakawia, mara nyingi mpaka miezi sita au zaidi ndipo aone yai la kwanza. Wamo wakubwa kama kuchi, mwenye miguu mirefu na hasira za kupigana, na wamo wafupi kama ching'wekwe wa Morogoro na Dodoma.

Ukimdharau kwa mayai 50, kumbuka kwamba yeye ndiye kiwanda cha vifaranga, ndiye mlezi, ndiye mlinzi dhidi ya mwewe, na mshahara wake ni wadudu na makombo. Wengi wa wale wa juu kwa kawaida hawaangui. Kila ukitaka wapya unatoa pesa mfukoni. Na kama unataka mayai zaidi kwa huyu wa kienyeji, ziko mbinu: mnyang'anye vifaranga mapema, wape joto wewe mwenyewe, naye atarudi kutaga baada ya wiki chache.

MABANDA MAWILI YA CHANIKA

Mwaka 2023 nilipata nafasi ya kufuatilia mabanda mawili ya majirani huko Chanika. Mmoja ni mama wa genge, mwingine ni mama anayetembeza vitenge. Wote walikopa kikoba kimoja, siku moja, rejesho kila wiki. Mama wa genge alichukua vifaranga 50 vya kahawia, vyote mitetea. Mama wa vitenge alichukua chotara 100 mchanganyiko, baada ya kuambiwa na muuza vifaranga mmoja kwamba hao "wanataga kama wa kisasa na wana uzito kama broila."

Wiki ya nane tulipima kwa mizani ya kuazima dukani. Mtetea wa kahawia gramu 640. Chotara kilo moja na robo! Mtaa mzima ukaenda kwa mama wa vitenge kupiga makofi. Mama wa genge akakaa kimya na kuku zake zilizokonda, mumewe akaanza kumwambia amepigwa.

Wiki ya 18 wa kahawia walikuwa na kilo moja na nusu, chotara mitetea kilo mbili na ushee. Makofi yakazidi.

Wiki ya 20 mama wa genge akaokota yai la kwanza. Wiki ya 30 alikuwa anaokota 44 au 45 kwa siku kutoka kwa kuku 48 waliobaki. Kwa mama wa vitenge mayai yalianza wiki ya 24, na siku nzuri mitetea yake 45 ilimpa mayai 22. Chakula alikuwa ananunua kingi kuliko mwenzake, maana uani hapakuwa na pa kuwafungulia na miili ilikuwa inadai kodi.

Majogoo aliyauza vizuri sikukuu ya Krismasi, sikatai. Lakini rejesho la kikoba halisubiri Krismasi. Kufikia Februari wenzake wa kikoba walikuja mlangoni, cherehani yake ya urithi ikatoka. Nilikuwepo. Hakulia, alisema tu, "Mwanangu, kuku wangu hawana kosa, mimi niliwapa kazi isiyo yao." Sijasikia mtaalamu aliyeeleza vizuri kuliko hapo.

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Siku hizi mwewe wakati mwingine anakuja na daftari la rejesho.

HESABU YA GRAMU

Sitaki kukutajia bei, maana gazeti likifika kwako chakula kitakuwa kimeshapanda. Chukua hesabu ya gramu, hiyo haipandi.

Wa kahawia anakula gramu 115 kwa siku, kwa mwaka ni kama kilo 42. Akitaga mayai 300, kila yai limekula gramu 140. Trei ya mayai 30 imekula kilo 4 na gramu 200.

Chotara wa kilo 3 aliyefungiwa, tuseme anakula gramu 130, kwa mwaka ni kilo 47 na ushee. Akitaga 150, kila yai limekula gramu 316. Trei moja imekula kilo 9 na nusu! Zidisha kwa bei ya kilo ya chakula hapo mtaani kwako, halafu linganisha na bei ya trei. Utajua kama unafuga au unafadhili.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Kama huyo chotara una shamba la kumfungulia, akajitafutia nusu ya chakula, trei inakugharimu kilo 4 na robo tatu tu za mfuko. Hapo amemkaribia wa kahawia, na juu yake umepata jogoo wa kuuza. Kumbe tofauti haikuwa kwenye kuku peke yake. Ilikuwa kwenye uwanja.

Usisahau pia kipindi cha ukame. Mtetea wa kahawia anakula kama kilo 6 mpaka wiki ya 18, kabla hujaona hata yai moja. Kuku 50 ni kilo 300, yaani mifuko sita ya kilo 50. Mama wa genge aliponea kwenye nyanya na vitunguu vya genge lake. Kama huna kitu kingine cha kukulisha wewe na kuku kwa miezi mitano, usianze na mkopo wa rejesho la kila wiki.

USIJE UKASEMA HUKUAMBIWA

Kwanza, nunua mizani. Macho yanadanganya, manyoya yanadanganya zaidi. Pima kuku kumi kila wiki. Mtetea wa kahawia akifika wiki ya 18 bila kilo 1.4 au 1.5, usikimbilie kumwashia taa atage. Atatoa mayai ya gololi na wengine watatokwa na utumbo wa uzazi.

Pili, kwa kuku wa kahawia wa kiwandani, kifaranga jike huanguliwa akiwa wa rangi ya kahawia na dume wa rangi ya njano iliyofifia. Ukiuziwa "mitetea ya Isa" boksi zima la njano, rudisha hapo hapo. Hao ni madume wa koo ya mayai. Hawatagi, na kukua kwao ni kwa kusuasua.

Tatu, usianguliwe mayai ya kuku wa kiwandani au chotara ukitegemea kupata walewale. Ni kama mahindi chotara ya msimu wa pili, kila mmoja anatoka na sura yake na nguvu zake.

Nne, chanjo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, haujali kama kuku ni wa Ufaransa au wa Singida. Ipo chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Tone moja! Kuna watu wamezika banda zima kwa kulikwepa.

Tano, rangi ya ganda isikusumbue. Jeupe au la kahawia, ndani ni yaleyale. Na kiini cha njano kinaletwa na majani na mahindi ya njano, si ukabila wa kuku.

Kwa hiyo shoga yangu, na wewe kaka unayesoma huku umejificha, kabla hujatoa hela jiulize maswali matatu. Nataka trei au nataka nyama? Nina uwanja au nina banda la kufungia? Nina chakula cha miezi mitano au nina rejesho Jumamosi? Mwenye banda, soko la mayai na chakula cha uhakika, achukue wa kahawia. Mwenye shamba na wateja wa majogoo, chotara ni wake, au kuku wa Malawi. Asiye na mtaji wowote ila uwanja na subira, aanze na mitetea mitatu ya kienyeji na tone la jichoni, wala asione haya.

Na siku nyingine jirani akikuinulia kuku akakwambia, "Ona huyu alivyo mkubwa," mwitikie kwa heshima, kisha umwombe akuonyeshe trei.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo tukijaliwa tunarudi kwenye wanaume wasioaga.